Mwaka wa Kungojea Mars

Tulipomzika Baba mwezi uliopita kule Kedowa, walikuja watu watano kutoka Kapsoit ambao hakuna aliyewaalika. Kiprono, fundi wa viatu, ndiye aliyekuwa amewaongoza, kichwa kimejaa mvi sasa lakini vidole bado vina weusi wa gundi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipa pole, kisha akamgeukia mume wangu na kumwambia, "Huyu alikuwa mfungwa wetu. Sisi ndio tulikuwa tunamlisha kwa dirisha." Watu wa tenti ile wakacheka, nami nikacheka, huku karatasi ya maombi yenye picha ya Baba ikiwa mkononi mwangu. Mume wangu alidhani ni mzaha wa matanga. Tumekaa pamoja miaka mingi, na nilikuwa nimemwambia kwamba niliwahi kufanya kazi mwaka mzima katika duka la sinema la shangazi yangu. Sikuwa nimemwambia kwamba mlango wa duka hilo ulikuwa ukifungwa kwa nje. Yeye anajua tu kwamba siwezi kukaa mahali palipofungwa. Cyber yangu, duka langu la kompyuta hapa Bomet, huwa wazi hata mvua ikija kwa upepo na kulowesha karatasi za wateja, na nyumbani hatuishi kugombana juu ya mlango wa bafu. Njiani tukirudi aliniuliza, "Mfungwa namna gani?" Nikamwambia nitamweleza. Nimeona ni rahisi zaidi kuandika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza Form Four, na nilitaka kitu kimoja tu: kuingia chuo cha ufundi nisomee mambo ya umeme. Tata Nyakio, dada yake Baba, alisema nije Kapsoit nimsaidie dukani kuanzia Januari, na Mei ikifika atanipeleka chuoni yeye mwenyewe kwa mkono wake. Baba alikubali. Nilifika na begi moja na kalamu tatu mpya ambazo nilikuwa nimenunua kwa ajili ya chuo, nikaziweka juu ya kabati la Tata ili zisichanganyike na za duka.

Duka lilikuwa chumba kimoja cha mabati, hatua sita kwa nne. Nilizipima siku ya kwanza, na baadaye nikawa nazipima kila nilipochoka kukaa. Mbele kulikuwa na mlango wa chuma unaotazama barabara ya Kericho. Nyuma kulikuwa na dirisha dogo la nondo linalotazama uani, ambako kulikuwa na choo, karai za kufulia na kinjia cha kwenda posho mill, kwenye mashine ya kusaga unga. Ndani kulikuwa na meza, kompyuta, kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya, na ndoo ambayo sitaieleza. Mwaka uliotangulia, watu wa kukagua sinema za kunakili walikuja na gari jeupe, wakabeba mashine zote za duka la jirani na mwenyewe juu yake. Tata alifikiri wiki nzima, kisha akapata dawa. Kila asubuhi saa mbili aliniingiza ndani, akatia kufuli kubwa kwa nje, akaenda sokoni kuuza mahindi na maharagwe yake. Anayepita barabarani aliona duka lililofungwa. Anayejua alizunguka nyuma, akagonga fremu ya dirisha mara mbili, akanipa flashi yake kati ya nondo, nami nikamjazia alichotaka. Saa saba Tata alinifungulia nikanyooshe miguu, na saa kumi na moja jioni akanitoa twende nyumbani. Simu yangu alikaa nayo yeye kwenye mfuko wa aproni. "Ikilia ndani ya duka imefungwa," aliniambia, "utasema ni panya anapigiwa?"

Sheria ilikuwa moja. Ukisikia mtu upande wa mlango wa mbele, nyamaza kabisa, hata kama anakuita kwa jina. Plot nzima, yaani majirani wote wa uani na barazani, ilijua sheria hiyo na iliilinda kuliko Tata mwenyewe. Kiprono alikuwa na kibanda chake hapo kando ya mlango, na mgeni yeyote aliyesimama mbele ya kufuli alipata jibu kabla hajauliza. Wamefunga. Walihama. Mwenyewe ni mgonjwa. Jamaa wa posho mill alipenda kuongeza maelezo yake, na kwa maelezo hayo Tata alishawahi kuhamia Kisumu, Eldoret na mara moja Uganda. Mimi nilikuwa nasikia yote haya nikiwa nimekaa kimya, na mwanzoni yalinifurahisha sana.

Nataka kuwa mkweli juu ya Tata, kwa sababu ni rahisi kumfanya mwanamke mbaya, na hakuwa. Alinipa kitanda kizuri kuliko chake. Jumapili baada ya kanisa alinipikia mukimo na kunipakulia kwanza. Aliponunua viatu, alinunua pea mbili. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba ananilinda, na jioni akizungusha ufunguo alinisalimia, "Mwana wakwa, umeshindaje?" kama mtu aliyetoka safari. Ni mimi tu nilijua jinsi saa nane mchana ilivyokuwa ndani ya mabati yale, jua likiwa limeshapita juu ya paa na bado halijafika dirishani, gundi ya Kiprono imejaa puani, malori ya majani chai yakipita barabarani moja baada ya jingine yote yakielekea mahali fulani. Nilikuwa naweka paji la uso kwenye nondo ili nipate baridi yake. Niliwahi kulia kwa sababu kuku aliingia uani, akazunguka, akatoka.

Kilichoniokoa ni karatasi ya manila. Duka lilikuwa na modemu, ambayo niliifunga kwa mpira kwenye nondo ya juu kabisa kwa maana hapo ndipo mtandao ulishika, na wateja wakipungua nilisoma habari za sinema. Sikuvutiwa na zilizokwisha toka. Nilisoma zile zinazokuja, hasa za sayansi ya kubuni, za watu wanaosafiri kati ya nyota na mashine zinazoota ndoto. Nilinunua manila ya njano, nikaandika juu kwa herufi kubwa ZINAKUJA, na chini yake nikaorodhesha kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili, nikaibandika ukutani mahali mtu wa dirishani angeweza kusoma. Nilidhani watasoma mara moja na kusahau. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wanakuja kusoma manila tu, bila flashi. Mama Chela, ambaye alichuma majani chai upande wa pili wa barabara na kupitia uani kwetu akitoka kituo cha kupimia majani na kikapu kitupu mgongoni, hakusoma vizuri bila miwani, kwa hiyo nilikuwa namsomea. Malipo yake yalikuwa mursik, maziwa ya kugandisha, kwenye chupa ya soda, ambayo ilipita kati ya nondo bila shida. Kiprono alileta chapati na madondo kwenye karatasi. Hapo ndipo anaposema walikuwa wananilisha, na ni kweli.

Kati ya zote, moja iliwashika. Ilikuwa tamthilia ya watu waliotumwa Mars kujenga nyumba kumi za kwanza. Wanasafiri miezi mingi, wanafika, na wanakuta nyumba kumi zimeshajengwa na moshi unatoka kwenye bomba la moja. Hayo tu ndiyo watengenezaji walikuwa wamesema, hayo na mwezi wa kutoka. Plot ikaibatiza Nyumba Kumi ya Mars, na mjadala ukaanza.

"Ni Wachina," Kiprono alisema siku ya kwanza. "Si ndio walijenga hii barabara? Hao hufika mapema."

"Wachina wangeweka bango," nikamwambia.

Mama Chela alikuwa ameegemea ukuta, kikapu bado kiko mgongoni. "Mimi nasema ni wao wenyewe. Walifika kitambo, wakajenga, wakasahau."

"Sasa Mama Chela, mtu anaweza sahau Mars aje?"

"Wewe Kiprono hujawahi choka. Mtu akichoka anasahau hata nyumba yake."

"Na huo moshi? Nani aliwasha moto?"

"Si Njoki atatuambia," Mama Chela alisema. "Njoki, inakuja lini hiyo kitu?"

"Machi."

Machi ilikuja, ikatangazwa kwamba imesogezwa hadi Juni. Nilikata Machi kwa kalamu nyekundu, nikaandika Juni, na watu wakanilaumu kama mimi ndiye niliyesogeza. Mwezi Aprili, tukila mukimo, nikamwambia Tata kwamba fomu za chuo za muhula wa Mei zinakaribia kufungwa. Aliweka kijiko chini kwa upole. "Najua, mwana wakwa. Lakini Mei ni mvua. Mvua ikinyesha watu wanakaa nyumbani, wanataka kuona sinema, na wewe ndio unajua hiyo mashine. Nani ataketi pale? Tuseme Septemba. Septemba ni karibu." Nikasema sawa. Sikujua kusema kitu kingine kwa mtu anayenipakulia kwanza. Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikaingia ndani ya duka kwa miguu yangu mwenyewe, nikasikia kufuli. Juni nayo ilipokaribia, Mars ikasogezwa Septemba. Nilipoandika neno hilo kwenye manila niliona kwamba mambo mawili niliyokuwa nangojea sasa yamekaa mwezi mmoja, na nikajiambia kwamba moja likija, la pili litakuja.

Leo, nikiwa mtu mzima na biashara yangu, najiuliza kwa nini sikupiga kelele. Sikuwa mtumwa, ningemwambia Tata jioni kwamba kesho siingii, angenuna na angenirudisha Kedowa. Jibu ninalolipata halinipendezi. Nilichukia chumba kile kwa mwili wangu wote, lakini ndani yake nilikuwa mtu. Barabarani ningekuwa msichana mmoja wa Form Four kati ya mamia wanaongojea kitu. Dirishani nilikuwa ndiye anayejua yanayokuja. Watu wazima waliniuliza maswali na kungoja jibu. Hakuna aliyeuliza chuo kitaanza lini, lakini kila mtu, hata mwenye posho mill, aliuliza Mars inakuja lini. Polepole, bila kujua, nikaanza kuhesabu siku za Mars na kuacha kuhesabu za chuo. Mtu akifungwa muda mrefu huanza kupenda kitu kilichomo ndani ya chumba, na mimi nilipenda manila.

Septemba ilipoanza, Tata alisema tumalize kwanza mambo ya harambee ya kanisa, halafu Januari bila kukosa. Mars ilikuwa inatoka wiki ya pili, na safari hii hawakuisogeza.

Ilikuwa Jumanne. Tata alinifungia mapema kwa sababu alikuwa anakwenda Kericho kununua diski tupu. Nilipowasha mashine nikakuta sehemu ya kwanza imeshawekwa mtandaoni, nikaanza kuivuta. Wale wasiojua modemu za siku zile hawataelewa. Ilikuwa inakwenda asilimia moja, inapumzika, asilimia nyingine. Ikikatika, unaanza tena kutoka sifuri, na bando lilikuwa linatosha mara moja tu. Nilimwambia kila aliyegonga dirisha kwamba leo siweki kitu kingine, arudi saa kumi. Habari ikaenea. Mama Chela alipita akienda shambani, akasema atachuma haraka. Saa tano kasorobo tulikuwa asilimia sabini na tisa. Nilikuwa nimekaa bila kusogea, kana kwamba nikisogea mtandao utanisikia.

"Hodi," sauti ikasema upande wa barabara.

Nilimjua kabla hajasema neno la pili. Baba alisema hodi kwa namna yake, chini chini, kama anayeomba radhi kwa usumbufu.

"Mzee, hapo hakuna mtu," Kiprono akasema. "Wamefunga."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili sasa. Ama tatu."

"Nimeambiwa kuna msichana anafanya kazi hapa. Anaitwa Njoki."

"Msichana? Mimi nakaa hapa kila siku, mzee. Sijaona msichana."

Yule wa posho mill naye akapaza sauti kutoka kwake kwamba mwenye duka alihamia Eldoret, na hata vitu alibeba. Nilisikia viatu vya Baba vikisogea kwenye kokoto. Akagonga chuma mara tatu, taratibu. Kisha akasogea karibu kabisa na mlango, kwa maana sauti ilipokuja tena ilikuwa ndogo na iko hapo hapo, na alitumia Kikuyu, lugha ya nyumbani. "Njoki," akauliza. "Uri ho?" Alikuwa anauliza kama nipo.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nusu, mkono mmoja umeshika meza, na kiti kilikuwa kimekwaruza saruji nilipoinuka. Kati yangu na yeye kulikuwa na hatua nne na bati la chuma. Nimejipa sababu nyingi tangu siku hiyo. Kwamba ufunguo ulikuwa Kericho. Kwamba ningejibu, Baba angechukua jiwe na kuvunja kufuli mbele ya barabara nzima, na hiyo ingekuwa mwisho wa duka la dada yake. Kwamba nilikuwa nimezoea sheria mpaka mdomo ulijifunga wenyewe. Zote zina ukweli kidogo. Lakini nakumbuka vizuri macho yangu yalikuwa wapi. Hayakuwa mlangoni. Yalikuwa kwenye namba, na namba ilikuwa themanini na tatu, na nilichokuwa nafikiri ni kwamba akivunja mlango mashine itazimwa na nitapoteza Mars. Nikajiambia ni robo saa tu. Ataenda pale hotelini ng'ambo, anywe chai, nikimaliza nitamtuma Kiprono amwite. Hajawahi kuwa mtu wa haraka. Nikakaa tena chini, taratibu, nikishikilia kiti kisipige kelele.

Alisimama pale muda kidogo. Kisha viatu vikaondoka.

Kiprono alizunguka nyuma akiwa anacheka kwa hofu. "Umepona. Huyo alikuwa serikali kabisa. Koti nyeusi, faili kwa mkono, hata jina lako anajua. Wamekuandika mahali, Njoki."

"Ameenda hotelini?"

"Hotelini wapi? Ameingia pickup ya kabeji, imegeuka hapo, imerudi njia ya Kedowa."

Nilimwambia asante. Sikumwambia kitu kingine, na hadi leo hajui, ingawa mwezi uliopita alikuwa ameshika picha ya mtu huyo mkononi, na pichani Baba amevaa koti lile lile. Miaka imepita na watu hubadilika wakizeeka. Sehemu ya kwanza ilifika mia saa sita na nusu. Saa kumi walikuja watu wengi kuliko ambavyo dirisha lilitosha, nikageuza kompyuta iwatazame, wakapokezana nafasi mbele ya nondo, Mama Chela akiwa ameinuliwa juu ya kreti ya soda. Walikaa kimya mpaka moshi ulipoonekana, na hapo plot nzima ikapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya kompyuta, upande usio na picha, nikitazama nyuso zao. Ndiyo siku niliyokuwa nimeingojea mwaka mzima, na sikugeuza shingo niione.

Tata aliporudi walimsimulia. Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema adui alikuja mpaka mlangoni akiwa na koti jeusi, akaita mtoto wake kwa jina, lakini Bwana alimfunga mtoto kinywa. "Hata kukohoa hakukohoa," alisema, na akina mama wakasema amina, na aliyekaa karibu nami akanifinya bega. Baada ya ibada walikuja kunisalimia mmoja mmoja. Nilisalimia wote.

Desemba nilienda nyumbani kwa Krismasi. Baba alinikuta nikichambua sukuma wiki nje, akavuta kigoda. Alisema kulikuwa na nafasi ile Septemba, chuo cha umeme, mtu mmoja hakuripoti, na rafiki yake alikuwa amemwambia asubuhi hiyo hiyo kwamba nikifika kabla ya saa kumi nitaandikwa. Alijaribu simu ya Tata, ikawa imezimwa. Akavaa koti lake la harusi na mazishi, akachukua vyeti vyangu kwenye faili, akabahatika kupata pickup inayopeleka kabeji Kapsoit. "Nilikuja," alisema. "Mlikuwa mmefunga."

"Tata alikuwa amenituma Kericho," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. Nilidhani ananitazama kwa masikitiko ya nafasi iliyopotea. "Sawa," akasema. "Basi tulikosana." Akaenda kukamua.

Chuo sikwenda tena. Januari haikuwa, na Aprili iliyofuata watu walikuwa wameanza kujitazamia sinema kwenye simu zao, Tata akafunga duka kwa ndani na nje, nikarudi Kedowa na kalamu zangu tatu. Kompyuta nilijifunza kwa kuzigusa, na hiyo cyber ni ya mikono yangu, sina aibu nayo. Mars ilitoa sehemu sita, kisha ikakatizwa, na hakuna aliyewahi kutuambia nani aliwasha moto ule. Nilibandua manila mwenyewe.

Baba alihamia kwangu Bomet mwaka jana kifua kilipomlemea, na mwisho tukampeleka hospitali kule Longisa. Nilikuwa naenda kila mchana na uji kwenye flaski. Siku moja alikuwa ameamka vizuri, mto umeinuliwa, jua liko miguuni mwake, na alikuwa anasimulia mambo ya zamani bila mpangilio, ng'ombe fulani, baridi ya mwaka fulani. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyosimulia ng'ombe, "Siku ile ya Kapsoit nilisikia kiti."

Nilikuwa namimina uji. Niliendelea kumimina.

"Kilikwaruza. Halafu nikasikia ukipumua kwa pua, vile ulikuwa unapumua ukijificha kwa ghala, ukidhani hatukusikii. Nikangoja. Nikasema, hawa watu wananidanganya lakini mtoto akitaka kutoka atabisha." Alifuta midomo. "Hukubisha. Basi nikajua unapenda pale kuliko kwangu. Nikasema nisimtoe mtu mahali anapenda."

Miaka yote nilikuwa namwonea huruma kwa kutokujua, na yeye ndiye alikuwa ananionea. Aliposema "tulikosana" alikuwa ananipa njia ya kupita, nami nikapita nikidhani ni uwongo wangu uliofaulu. Niliweka kikombe chini. Nikamwambia kwamba sikupenda pale. Nikamwambia nilichukia pale kila siku ya Mungu, na kwamba sikujua habari za chuo, na kwamba hata hivyo nilimsikia, nilimjua kwa hodi ya kwanza, na sikubisha kwa sababu kulikuwa na sinema inaingia kwenye mashine na nilikuwa nimeingojea tangu Januari. Nilisema hivyo hivyo, bila kuipamba. Nilikuwa mama wa watoto wawili na nilikuwa nalia kama wao.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza akaangalia ukuta, kwa heshima.

"Sinema," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ilikuwa nzuri?"

Nikafikiria kumdanganya, nikaona nimeshafanya hivyo vya kutosha. "Haikuwa nzuri sana. Mwanzo tu. Halafu waliikata kabla ya mwisho."

Akatikisa kichwa polepole kwenye mto, na uso wake ulikuwa na uchungu ambao sikuuona hata alipokuwa anasimulia kuhusu kiti. "Hiyo ndiyo mbaya," akasema. "Afadhali ingekuwa nzuri."

Nikavuta kiti karibu na kitanda. Nikamwambia kulikuwa na watu waliotumwa mbali sana kujenga nyumba kumi, wakafika wakakuta zimejengwa na moshi unatoka. Aliuliza ni moshi wa kuni au wa makaa. Nikasema wa kuni. Aliuliza kuni zilitoka wapi mahali kama hapo, na mimi, ambaye sikuwahi kujua, nikamweleza. Zile sehemu zilizokuwa mbovu nilizitengeneza, na pale walipoikata nilipita nikaendelea, nikawapa wale watu majina na mazungumzo, nikamfungulia mlango wa nyumba ya kwanza tukaanza kuingia. Muuguzi akaja, akasimama mwisho wa kitanda, akasema muda wa wageni umekwisha.

"Ngoja kidogo, sister," Baba akamwambia. "Huyu bado anaongea na mimi."